Macho yananiisha kidogo kidogo, fimbo nyeupe mtu unaanza kuishika lini?

Bomba_Dogo aliandika:

Wakuu habari zenu. Naomba mnivumilie nitaandika ndefu, hii kitu nimekaa nayo moyoni mwaka wa nne sasa na hata nyumbani wanajua nusu tu.

Mimi ni mama wa miaka 43, kazi yangu uhasibu. Nina ugonjwa wa kurithi wa retina (ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) unaoitwa retinitis pigmentosa, wenyewe tunafupisha RP. Ulianza na giza, yani tangu nikiwa msichana jioni ikiingia mimi nashika mtu mkono, nikadhani kila mtu yuko hivyo hivyo. Saa hizi naona kama mtu anayechungulia ndani ya bomba. Katikati bado pako safi kabisa, nikipimwa na lile bango la herufi nashuka mpaka mistari ya chini, ila ukisimama ubavuni mwangu wewe kwangu haupo. Kipimo cha mwisho cha upana wa kuona nimebaki na nyuzi kama 15 kila upande kutoka katikati, kile cha kabla yake zilikuwa zaidi ya 20.

Sasa ugonjwa wenyewe naweza kusema nimeuzoea, kinachoniua ni kujificha. Mtu ananyoosha mkono kunisalimia mimi siuoni, anabaki nao hewani, kesho nasikia yule mama ana dharau. Nikifika kwenye ngazi nisizozijua natoa simu najifanya nasoma meseji mpaka apite mtu mwingine, ndo nimfuate nyuma nikiangalia visigino vyake. Sherehe za usiku nilishaacha, huwa nasingizia kichwa kinauma, nafikiri ndugu zangu wanaamini mimi ndo mgonjwa wa kichwa sugu kuliko wote kwenye ukoo.

Wiki iliyopita nimemgonga mtoto mdogo kwenye korido. Akaanguka, akalia, baba yake akaniambia we mama umelewa au? Nikamjibu samahani nilikuwa naangalia simu. Simu ilikuwa ndani ya mkoba jamani. Nikaingia chooni nikalia, na kilichoniliza sio hata mtoto (hakuumia, nashukuru), ni kwamba nimeona bora nionekane mzembe kuliko kusema sioni vizuri. Maneno mawili tu yamenishinda.

Maswali yangu. Fimbo nyeupe mtu anaanza kuishika lini wakati bado anaona? Naogopa watu waniite muigizaji, hebu fikiria nimesimama na fimbo mkono mmoja na mkono mwingine nasoma simu. Halafu mnaishije na kutojua? Daktari anasema inaweza kuwa miaka 5 inaweza kuwa 20, hakuna anayejua. Kila asubuhi nikiamka naangalia balbu kisha bila kugeuza jicho natafuta kona ya mlango, nikiiona siku inaenda, nisipoiona siku nzima imeharibika. Na kazi je, nimwambie bosi au nisubiri mpaka nishindwe?

---

Fundi_Redio aliandika:

Mdogo wangu pole, na nakujibu moja kwa moja kwa sababu mimi aliyeniremba kwa maneno matamu nilimchukia baadaye. Lini unaanza fimbo? Umeshachelewa. Usijisikie vibaya, mimi nilichelewa miaka saba.

Nina miaka 61, RP hiyo hiyo, sasa hivi nabakiwa na kujua tu dirisha liko upande gani. Simu inanisomea na haya naandika kwa kuongea kwahiyo mkikuta maneno ya ajabu msinilaumu. Nilijificha kama wewe, tena mimi nilikuwa fundi kwelikweli, nilijua kuhesabu hatua kutoka mlangoni mpaka kituoni, nilijua nani nikimfuata anatembea mwendo wangu. Siku moja wamechimba mtaro njia ile ile niliyoihesabu. Kifundo cha mkono kilivunjika, na unajua niliwaambiaje watu? Kwamba nilikuwa nimelewa. Mimi nisiyekunywa! Sasa ukisema habari ya yule baba kwenye korido nimecheka nikanyamaza.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni kwamba kuficha kunachosha kuliko kutoona. Kichwa kinafanya kazi mbili, ya kutafuta njia na ya kutunga uongo, jioni unafika nyumbani umekwisha na unamfokea kila mtu. Siku niliyoshika fimbo nililala mapema nikalala kweli.

Kuhusu kuigiza. Watu wanadhani kuna wanaoona na kuna walio gizani basi, hapo katikati hamna kitu. WHO wenyewe, Shirika la Afya Duniani, wanamhesabu mtu kuwa kipofu kama jicho lake zuri liko chini ya 3/60 (yani hata kwa mita 3 haoni kile ambacho mwenye macho mazuri anakiona kwa mita 60), AU upana wa kuona hauzidi nyuzi 10 kutoka katikati, hata kama katikati hapo anasoma gazeti. Wewe una 15. Kwahiyo utakuja kuwa kipofu unayesoma simu na hutakuwa umemdanganya mtu. Wengi wa wanaoshika fimbo wanaona kitu fulani. Nilikuwa nikiulizwa najibu "naona mbele, miguuni sioni" nasonga, usitoe lekcha kwa kila mpita njia utazeeka.

Na fimbo yenyewe kuwa nyeupe sio mapambo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1921 kule Bristol, Uingereza, James Biggs, mpiga picha aliyepofuka kwa ajali, aliipaka mkongojo wake rangi nyeupe kwa sababu magari yalikuwa yanamtisha jirani na kwake. Yani kazi ya kwanza ya ule weupe ilikuwa ni kuongea na watu wengine. Ungekuwa nayo kwenye korido yule baba angemvuta mtoto wake pembeni, na asingekuuliza kama umelewa.

Anza na usiku tu. Nunua ile ya kukunja, inaingia kwenye mkoba, mchana ikae humo humo. Utashangaa yenyewe itaanza kutoka saa kumi na moja, halafu saa tisa, halafu siku ya mawingu. Ila tafuta mtu wa kukufundisha, usijifundishe mwenyewe kwa kuangalia video, na mwambie akufunge kitambaa machoni wakati wa kujifunza. Ukijifunza sasa hivi, ukikosea unafungua kitambaa unaona ulikosea wapi. Mimi nilijifunza macho yakiwa yameshaondoka, mwalimu akisema "kulia kwako kuna nguzo" naamini tu.

Mchezo wa balbu nimeucheza sana, wangu ulikuwa kalenda ukutani. Acha. Jicho lenyewe lina siku zake, umelala vibaya, umechoka, mwanga wa chumba umebadilika, unapata matokeo tofauti na retina haijabadilika chochote. Kazi hiyo waachie mashine za kliniki mara moja kwa mwaka.

---

bichwa_gumu aliandika:

dada usikate tamaa mbona kuna sindano za seli shina (zile seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine) wanachoma kwenye jicho na macho yanarudi, kuna watu wamepona kabisa nimeona video. pia vitamini A nyingi nyingi inasaidia retina

---

Sista_Chati aliandika:

@bichwa_gumu najua nia yako nzuri ila hapana, na naomba mleta mada asome hapa kabla hajatoa hela kokote. Nimefanya kazi ya uuguzi kliniki ya macho miaka mingi.

Mwaka 2017 jarida la madaktari la Marekani liliandika habari za wanawake watatu waliochomwa hizo seli macho yote mawili siku moja kwenye kliniki huko Florida, seli zenyewe zimetolewa kwenye mafuta ya miili yao. Walienda wakiwa wanaona kiasi, wakaishia vipofu au karibu na upofu. Na walilipia. Utafiti wa kweli upo na unaendelea, lakini jaribio la kweli halikuuzii nafasi na haligusi macho yote mawili siku moja. Ukiona hayo mawili kimbia.

Vitamini A ya dozi kubwa inaumiza ini, kwa mjamzito inaharibu mtoto, na kuna aina za magonjwa ya retina ya kurithi ambapo inazidisha ubaya kabisa. Usimeze bila daktari wako wa retina.

Kilichopo kweli ni hiki: mwisho wa 2017 Marekani waliidhinisha tiba ya jeni kwa watu ambao jeni yao ya RPE65 imeharibika nakala zote mbili. Ni kundi dogo sana ndani ya RP, kuna jeni nyingi tofauti zinazoleta ugonjwa huu. Kwahiyo ukipata nafasi ya kupimwa jeni pima, sio kwa sababu kesho utapona, ila ujue wewe uko kundi gani ili siku tiba ya kundi lako ikija usiwe unaanza moja. Inasaidia na watoto wako kujua uwezekano wao ukoje.

Halafu dada kitu kimoja ambacho watu wa RP wanakikosa kwa kukata tamaa. Wanaacha kliniki wakisema si haina dawa. Kumbe mwenye RP anapata mtoto wa jicho mapema kuliko wengine, na huo unatolewa. Anaweza pia kujaa maji katikati ya retina, na hayo yana dawa za matone au vidonge. Nimeona watu wamekaa miaka miwili wanasema "RP imenimaliza" kumbe kilichowafunika kilikuwa kinatibika. Ukungu ukizidi ghafla, au katikati pakianza kupinda, usisubiri tarehe yako ya kliniki.

---

Mke_wa_Mkimya aliandika:

Mimi nachangia kutoka upande mwingine wa kitanda, mume wangu presha ya macho imemla jicho moja lote na la pili limebaki robo. Ile haiumi jamani, haitoi taarifa, inaanza kula pembeni polepole na ubongo unaziba mapengo, siku anagundua mshipa wa fahamu wa jicho ulishaharibika na huo haurudi. Matone yanalinda kilichobaki tu. Kama kuna mtu anasoma hapa na baba au mama au ndugu wa tumbo moja ana presha ya macho nenda kapime hata kama unaona sindano gizani. Haya nimetoka nje ya mada kidogo.

Nilichotaka kusema ni kwamba mwaka wa kwanza mimi ndo niliyekuwa tatizo. Kwa upendo. Nilikuwa namkatia, nammiminia, namjibia. Mtu akija anauliza "atakaa wapi?" ananiuliza mimi, yeye yuko pale pale, na mimi nilikuwa najibu! Siku moja akaniambia, kwa sauti ya chini kabisa, "macho ndiyo yamekufa, mimi nipo". Hatukuongea mpaka usiku.

Tukawekeana sheria. Kitu hakihamishwi bila kumwambia, hata kiti, hata ndoo. Mlango uwe wazi wote hadi ukutani au ufungwe wote, mlango nusu ni adui, paji la uso la mume wangu ni shahidi. Tukitembea yeye ndo anashika mkono wangu juu ya kiwiko na mimi natangulia nusu hatua, simsukumi tena kwa mgongo kama mkokoteni. Na kubwa kuliko zote, nauliza kwanza. "Nikusaidie?" Akisema hapana nakaa chini nakunja mikono, hata kama naona atamwaga. Anamwaga. Anafuta.

Hasira hazikuisha, nisikudanganye. Kila akipoteza kitu kipya, siku aliyouza pikipiki, siku aliyoshindwa kusaini kwenye mstari, tunaanza msiba upya. Nilikuwa nadhani mtu anaomboleza mara moja akamaliza. Huu ni msiba wa awamu, ukishajua hivo unaacha kushangaa kwanini mwaka wa tano analia tena. Ila kuna kipindi alipitiliza, wiki tatu halali, hali, redio haitaki, akasema afadhali asingekuwepo. Hapo sikujadiliana naye, nilimpeleka kwa mtaalamu wa afya ya akili siku hiyo hiyo. Dada, ukifika hapo usiulize humu, mwambie mtu aliye karibu akupeleke.

Wambie nyumbani nusu iliyobaki. Wanajua kitu kipo, wanakisia kibaya zaidi.

---

kijana_wa_nvda aliandika:

Za mida dada mhasibu, mimi nakuja na la kazi tu, hayo mengine wakubwa wamemaliza.

Kwanza usikuze maandishi!! watu wote watakwambia weka herufi kubwa, hiyo ni ya wale wanaopoteza katikati. Wewe una bomba, ukikuza neno moja linajaa bomba lote unapoteza mstari. Weka saizi ya kawaida au ndogo kidogo, rudisha kiti nyuma, na geuza rangi iwe maandishi meupe kwenye weusi, mng'ao unapungua sana. Kielekezi cha mausi kifanye kinene chenye rangi ya kuwaka, najua saa hizi unakitafuta kwa kuzungusha zungusha mausi kama unakoroga kitu haha.

Pili jifunze kisoma skrini (programu inayokusomea kwa sauti kilichopo kwenye skrini) SASA wakati macho yanaweza kukuonyesha ulipokwama. Kwenye Windows ipo NVDA, ni ya bure, aliianzisha kijana asiyeona wa Australia mwaka 2006, Michael Curran. Inasoma Excel seli kwa seli, inakutajia safu na mstari, na fomula inakwambia ipo. Mimi sioni kabisa tangu nina miaka 19 na majedwali ndo yananilisha. Simu ya Android ina TalkBack, nenda setingi kwenye Ufikivu, unatelezesha kidole kulia kwenda mbele unagonga mara mbili kufungua. Wiki ya kwanza utataka kuitupa simu. Sauti anza taratibu, mimi saa hizi naisikiliza kwa kasi ambayo mama yangu anadhani redio imeharibika.

Jipe nusu saa kwa siku, zima skrini kabisa, fanya kazi moja tu kama kujibu meseji. Nusu saa sio siku nzima, ukijilazimisha siku nzima utaichukia.

Bosi mwambie ukiwa bado unafanya kazi vizuri. Ila usiende na msiba, nenda na karatasi. "Nina hali hii, kazi hizi nazifanya kama kawaida, nahitaji programu hii na taa hii na nisipangiwe safari za usiku." Ukienda bila maombi atajaza mwenyewe na atajaza vibaya, atakuhurumia mpaka akutoe. Nimeshatolewa kwa huruma sehemu moja, inauma kuliko kutukanwa.

---

Mjukuu_wa_Pili aliandika:

Naongezea tu moja hamjaitaja. Bibi yangu macho yalipoisha katikati alianza kuona watoto wamevaa nguo za rangi wamekaa kwenye kochi, kimya, hawamsemeshi. Alituficha miezi akiogopa tutasema akili zimemtoka. Kumbe ubongo ukikosa picha unajichorea zake, inaitwa hali ya Charles Bonnet, huyo bwana wa Uswisi aliiandika mwaka 1760 kuhusu babu yake ambaye naye macho yalikuwa yameharibika na anaona watu na ndege ambao hawapo. Akili ya bibi ilikuwa nzima, alijua kabisa hawapo. Daktari alipomwambia lina jina alishusha pumzi, baadaye akawa anatuambia "leo wamekuja wanne". Kwahiyo ukiona maajabu sema, usifiche na hilo pia.

---

Bomba_Dogo aliandika:

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili nilimpa binti yangu mkubwa asome kwa sauti, ndo ikawa njia yangu ya kumwambia maana mdomo ulikataa. Alipofika kwenye kijana anayesema nakoroga mausi akasema "mama si wewe huyo". Kumbe wanaona kila kitu. Akaniambia wadogo zake wana mchezo wao, nikitaka kukanyaga kitu mmoja anakohoa. Miaka mingapi wananikoholea mimi najua nina watoto wa kifua.

@Sista_Chati asante, kuna mtu alishanitumia namba ya hao wa sindano, nimeifuta. Kliniki sijaenda miezi 14, nimepanga.

@Fundi_Redio mzee wangu swali la mwisho. Watu wananiambia nisafiri, niangalie vitu vizuri nijaze kichwani kabla haijaisha. Ulifanya hivo? Na hiyo fimbo naagiza urefu gani?

---

Fundi_Redio aliandika:

Nilisafiri, nilienda kuangalia bahari nikasimama pale naikodolea kama mtu anayekariri mtihani, sikufurahi hata dakika moja. Ninachokumbuka vizuri ni vitu ambavyo sikuvikariri. Sura ya mke wangu ninayo ya miaka yake 50, hajazeeka tena, nikimwambia hivo anasema nimepata faida mimi au yeye.

Urefu: simama wima na viatu vyako vya kila siku, iguse mfupa wa katikati ya kifua. Kama unatembea haraka ongeza mpaka karibu na kidevu ikupe muda wa kusimama. Ncha chukua ile ya kuviringika, ile nyembamba kama kalamu inakwama kwenye kila ufa. Na ukitembea mguu wa kulia ukienda mbele ncha iwe kushoto, wa kushoto ukienda ncha kulia, upana wa mabega usizidi, utawachapa watu. Hao wakohozi wafundishe pia, mmoja wao atembee na wewe jioni ya kwanza ila akae kimya.